Kujitolea Mlima Kilimanjaro: uje mwezi gani, ufanye kazi gani, uanzie ofisi gani

Swali linalokuja kila mwaka, hasa vyuo vikifunga na watu maofisini wakianza kupanga likizo, ni hili: nataka kuja kujitolea Kili, nije lini? Na mimi jibu langu huwa ni swali, unataka kufanya nini? Maana mlima hauna habari na likizo yako. Ukija na miche Agosti umekuja kuiua, ukija kusafisha mitaro ya njia Aprili katikati umeshachelewa maji yalishapita yalipotaka, na ukija Oktoba ukiwa hujui chochote kuhusu moto wewe ndo utakuwa mzigo wa kwanza kushushwa. Kwahiyo chagua kazi kwanza, kazi itakupa mwezi, mwezi utakupa nguo na bajeti. Wengi wanaanza na tiketi ya basi afu wakifika Moshi ndo wanauliza kuna kazi gani, wanaishia kupiga picha getini Marangu na kurudi.

Tuanze na mvua, hapa usiruke.

Huku kwetu mvua ni mara mbili. Masika kuanzia kama katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei, na vuli Novemba hadi katikati ya Desemba, miaka mingine inaanza kudondoka mwisho wa Oktoba. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoaga utabiri wa kila msimu kabla haujaanza, tafuta pale wanapoandika maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, halafu nyanda za juu kaskazini mashariki, hiyo ndo sisi, Kilimanjaro, Arusha na Manyara. Soma lini mvua zinatarajiwa kuanza na kama zitakuwa juu au chini ya wastani, usiishie kichwa cha habari. Vuli hasa haiaminiki, kuna mwaka inakuja kama ile ya El Niño ya 2023 maji yanabeba madaraja na kuna mwaka inanyunyiza wiki mbili imeaga.

Halafu mlima wenyewe hauna hali ya hewa moja. Upande wa kusini, Machame, Kibosho, Umbwe, Mweka, Marangu, ndo unaonyeshewa sana, na mvua nyingi kuliko zote inadondoka kwenye msitu pale kwenye mita elfu mbili na kidogo juu ya usawa wa bahari, huko inafika kati ya milimita 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Ukipanda zaidi inapungua, Kibo juu kabisa ni jangwa la baridi. Upande wa kaskazini, Rongai na Tarakea, ni mkavu zaidi. Kwahiyo mtu anakaa Moshi mjini jua linamchoma anasema leo freshi twende na raba, akiingia msituni masaa mawili baadae yuko kwenye tope mpaka kwenye enka.

Baridi nayo ina hesabu yake rahisi, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama digrii 6. Mjini ikiwa 30 mchana, kambi ya Horombo kwenye mita 3,720 tegemea kumi na kitu, usiku inashuka kuelekea sifuri na asubuhi unakuta barafu nyembamba kwenye majani. Kileleni kwenye 5,895 usiku ni chini ya sifuri muda wote, na upepo ukiwepo hata kumi na tano chini ya sifuri ni kawaida.

Juni mpaka Agosti watu wa Dar wanaandika kiangazi kwenye ratiba zao. Ni kweli mvua kubwa hakuna, ila nenda Marangu au Machame Julai uone, ukungu siku nzima, manyunyu, nguo hazikauki, watu wamevaa makoti mawili mawili sokoni. Ajabu ni kwamba ukipita mawingu, kama kwenye mita 3,000 hivi, juu kuna jua safi na unaangalia mawingu kwa chini. Septemba na Oktoba ndo ukavu wenyewe, nyasi na vichaka vya juu vinakuwa kama karatasi. Januari na Februari ni kavu tena, joto kidogo, asubuhi mlima unaonekana vizuri, na hicho ni kipindi cha pili cha moto. Julai, Agosti, Januari na Februari ndo wageni wanajaa, kambi zinafurika, takataka nazo hivyohivyo.

Sasa kazi.

Kupanda miti

Naanza na hii kwasababu ndo kila mtu anaitaka na ndo inayoharibiwa zaidi. Utaona gari tatu zinakuja, tisheti zimechapwa, miche elfu tano inashushwa, mgeni rasmi anapanda mmoja anamwagia maji na chupa, picha, soda, kwaheri. Rudi Oktoba hapohapo uhesabu. Mimi nasema bora miche mia mbili yenye mwenyewe kuliko elfu tano yenye bango.

Cha kwanza eneo, na eneo maana yake mwenye eneo. Huwezi kuingia ndani ya hifadhi na miche yako ukapanda unavyojisikia, ile ni hifadhi ya taifa, mti gani uote wapi ni uamuzi wa wahifadhi na sehemu nyingi msitu ukiachwa bila moto na bila panga unajirudisha wenyewe. Kazi ya kupanda iko zaidi nje ya mpaka au pembeni yake. Kuna ukanda wa nusu maili, ulitengwa tangu 1941 ili wananchi wa vijiji vya juu wapate kuni na majani bila kuingia msitu wa ndani, sehemu nyingi umechoka. Kuna vyanzo vya maji na kingo za mito, kuna shule, kuna vihamba vya watu (mashamba ya nyumbani ya Wachagga). Vyanzo vya maji ndo napenda mimi, maana pale kuna watu wanaoumia mti ukifa, wale wa mifereji na Jumuiya za Watumia Maji, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo au kingo ya mto kwahiyo hata ugomvi wa mipaka una pa kuanzia. Anza na mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, afu ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi, waulize chanzo gani kina shida.

Aina ya mti usichague kwa sababu bustani wanayo nyingi. Kwenye maji weka msesewe (wazee wataifurahia, magome yake ndo yanatia uchungu kwenye pombe ya mbege), weka mkuyu, weka mringaringa kwenye vihamba na pembeni ambapo utatoa kivuli kwa kahawa na migomba. Mikaratusi karibu na chanzo, hapana, hata kama ni ya bure. Miche ya asili haipatikani kirahisi kama mikaratusi na migrevilia, kwahiyo ongea na bustani ya TFS (wakala wa misitu wa serikali) au ya kijiji miezi sita kabla au zaidi, uwaambie unataka nini na ngapi. Ukienda wiki ya mwisho utapewa kilichopo.

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, Februari kwa ajili ya masika, Oktoba kwa ajili ya vuli. Kina kama sentimita 45 na upana hivyohivyo, udongo wa juu mweusi weka upande mmoja na wa chini upande mwingine, siku ya kupanda wa juu ndo unarudi kwanza chini kwenye mizizi ukichanganya na samadi iliyooza kama ipo. Usipande mvua ya kwanza ikidondoka, subiri mpaka udongo ulowe kweli, ukichimba na kidole bado kuna unyevu chini. Mimi napendelea masika kuliko vuli, kwasababu mche wa masika unapata miezi miwili na nusu ya maji halafu ule ukungu wa Juni na Julai unaubembeleza kabla ya jua kali. Wa vuli unapata mwezi mmoja na kidogo afu Januari hiyo hapo.

Siku yenyewe toa kiriba. Naandika hivi kwasababu utashangaa watu wazima wanavyofukia mche na plastiki yake. Chana pembeni taratibu udongo usivunjike, mche ukae usawa uleule uliokuwa kwenye kiriba usizame shingo, shindilia na mikono sio na kisigino, tengeneza kisahani cha kushika maji, weka majani makavu juu lakini yasiguse shina. Viriba vyote vikusanywe na kuhesabiwa, ukipanda mia mbili urudi na viriba mia mbili.

Halafu kijiti. Hapa Uchaggani ng'ombe wanafugwa bandani, majani wanakatiwa, na wanaokata ni akina mama na vijana wanaopita asubuhi na mundu, majani yamefika kiunoni mche hauonekani, unakwenda na mzigo. Sio ubaya. Chomeka kijiti kirefu kila mche, funga kitambaa chekundu, na kabla ya yote waambie akina mama wenyewe, ikibidi wao ndo wawe wasimamizi na walipwe kitu cha palizi. Palizi ya kwanza baada ya miezi miwili au mitatu, duara la mita moja kuzunguka mche. Kuhesabu fanya mwisho wa Oktoba kabla ya vuli, hapo kiangazi kimeshachuja, iliyobaki ndo uliyopanda. Inayokufa rudishia vuli hiyohiyo. Kama kikundi chako hakina hela ya kurudi mara mbili, punguza miche mpaka hela itoshe.

Moto

Oktoba 2020, tarehe 11, moto ulianza maeneo ya Whona, pale watu wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo, ukakimbia kwenye vichaka kwa siku nyingi na kuunguza kilomita za mraba kama 95. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wahifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, wanakijiji, wagumu (wapagazi wa mlimani), na wengi walikuwa na matawi mabichi mkononi tu na kiatu cha kawaida. Moyo ulikuwepo mkubwa sana. Oktoba 2022 ukatokea mwingine upande wa kambi ya Karanga. Ukiangalia miezi utaona hadithi ni ileile, mwisho wa kiangazi.

Na hasara yake sio majani tu. Ile misitu ya juu ya vichaka virefu vyenye ndevu za ukungu ndo inayokamata maji ya mawingu na kuyadondosha chini, ikiungua moto ukirudi tena na tena inabaki nyasi, nyasi hazikamati kitu, mtu wa mfereji chini Kibosho analala na foleni ya maji hajui kwamba shida ilianzia juu huko miaka ya nyuma.

Kwahiyo ukitaka kujitolea kwenye moto, usingoje moto. Kazi ya kweli ni Julai na Agosti, kufyeka na kusafisha njia za kuzuia moto, na kuzunguka vijijini kuongea na warina asali na wanaochoma mashamba, maana moto mwingi unaanzia kwenye moshi wa kufukuza nyuki au kibiriti cha mtu aliyekuwa anapika. Ukienda kwa mrina asali usiende kumhubiria, nenda na mzee wa hapohapo, ongelea mizinga ya kisasa, vazi la kujikinga na bomba la moshi, vitu ambavyo vinafanya asiwe na sababu ya kubeba kijinga cha moto kwenye nyasi kavu.

Orodha ya watu wa kuitwa dharura ikitokea iandaliwe mapema na mhifadhi wa eneo lenu, majina, namba za simu, nani ana afya ya kupanda na nani atabaki chini kupika na kubeba maji, kazi ya chini nayo ni kazi. Ukiitwa vaa pamba au jinzi na buti la ngozi, nguo za nailoni na zile traki za michezo zinayeyuka kwenye ngozi. Mchana upepo wa mlimani unapandisha, kwahiyo usikae juu ya moto hata siku moja, usiku unageuka unashusha. Kaa na kundi lako, jua njia ya kurudi kwenye eneo lililoshaungua, na ukiambiwa shuka, shuka. Ukiona moshi tu wewe ni mpita njia, kazi yako ni kupiga simu kwa mhifadhi au kwenda geti la karibu na kusema umeuona wapi na unaelekea wapi, usiingie peke yako na tawi.

Kuokota takataka

Hii ya mwezi wowote mkavu ila inalipa zaidi mara baada ya msimu wa wageni, Machi mwanzoni kabla ya masika, au Oktoba. Kampuni zinazopandisha wageni zinatakiwa kushusha uchafu wao na unapimwa, kwahiyo magunia makubwa hutakuta. Utakachokuta ni kile kidogo ambacho hakuna aliyekipima, tishu na waipsi nyuma ya mawe, maganda ya pipi, vichungi vya sigara, betri, vifuniko vya chupa, vipande vya kamba za hema. Chupa za maji za kutupa zimekatazwa mlimani na mifuko ya plastiki nchi nzima tangu 1 Juni 2019, na bado utaokota.

Kikundi cha mara ya kwanza kisipite Mandara. Kutoka geti la Marangu mpaka Mandara ni kilomita kama nane, masaa matatu manne kupanda, unaenda unarudi siku hiyohiyo, na mkiwa na nguvu mnazungukia kreta ya Maundi. Ni msitu, mna kivuli, mbega wanawaangalia, hakuna wa kuumwa na mwinuko kirahisi. Horombo ni habari ya kulala, bajeti inapanda na vibali vinaongezeka. Ukiwa na watu ambao hawajawahi kupanda usije na mpango wa kusafisha kambi za juu za Barafu au Kibo, mtatumia wagumu wengi kuwabebea vitu kuliko uchafu mtakaoshusha, ni hesabu tu.

Gawaneni watu wawiliwawili, mmoja kibano au glovu nene na mwingine kiroba. Viroba vitatu, plastiki na bati, tishu na mambo ya chooni, na betri peke yake. Tishu hazichomwi huko juu, angalia habari ya moto hapo juu. Mkifika chini pimeni kila kiroba muandike kimetoka kipande gani cha njia, hiyo karatasi mpe mhifadhi, ndo itamwambia choo au pipa linahitajika wapi. Karatasi hiyo ina faida kuliko picha ya kikundi.

Njia, wagumu, na shule

Njia za msituni zinaharibika kwa maji na kwa miguu inayokwepa maji. Mtu anaona tope anapita pembeni, mwingine anapita pembeni zaidi, baada ya msimu mmoja njia ya mita moja imekuwa ya mita nne. Kazi ya kujitolea ni kuzibua mitaro na vizuizi vya maji Februari na Oktoba, na kusaidia kurudisha mawe na magogo Juni baada ya masika. Hii inasimamiwa na wahifadhi wenyewe na vijana wa vijijini wanalipwa kwa ajili yake, kwahiyo msiende kuchukua vibarua vyao, muulize kama kuna sehemu ambayo bajeti haikufika.

Wagumu, yaani mapota, nao ni sehemu ya mlima huu. Mzigo halali hifadhini ni kilo 20, na mtu anapandisha hiyo kwenye baridi mara nyingine na koti la kukopa. Moshi kuna KPAP, mradi ulioanza 2003, wanaazimisha wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo na kufuatilia kama kampuni zinawalipa na kuwalisha inavyotakiwa. Kama uko Ulaya au Marekani au hata Nairobi na una makoti, mabuti na glovu zinazofaa, peleka huko au ziulizie zinapokelewaje. Mwenye Kiingereza au Kijerumani kizuri na mwezi wa bure Aprili na Mei, hapo kazi mlimani ni chache na vijana wengi wako nyumbani, ongea na vikundi vyao mfundishe lugha ya kazi.

Shuleni kuna vilabu vya mazingira vya wanafunzi, Malihai Klabu na Roots & Shoots, ile ya Jane Goodall iliyoanzia Dar 1991. Mwalimu mlezi ndo mtu wa kumtafuta. Usipeleke hotuba, peleka kitalu kidogo na ratiba ya kumwagilia inayojua kwamba shule zinafunga Juni na Desemba.

Kuhusu tarehe 9 Desemba, maana watu wanachanganya: ile safari ya kupanda kileleni kuadhimisha Uhuru, kwa kumbukumbu ya Alexander Nyirenda kuweka mwenge juu kule mwaka 1961, ni utalii wa ndani na uzalendo, ni kitu kizuri, ila sio mradi wa kujitolea na unalipia. Na ni vuli. Kila mwaka watu wanashangaa kwanini wamelowa.

Barua na ofisi

Makao makuu ya hifadhi, KINAPA, yako Marangu getini. Barua iandikwe kwa Mkuu wa Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro, na uombe ifike kwa watu wa ujirani mwema, hao ndo wanaojua vijiji. Ukurasa mmoja unatosha, ila uwe na vitu hivi: nyie ni nani, wangapi, umri, kazi gani, kipande gani cha mlima, tarehe mbili mbadala, vifaa mnavyo vipi, nani anawapa huduma ya kwanza, na swali la wazi kama mtalipa kiingilio au mtasamehewa. Usidhani kujitolea kunafuta ada moja kwa moja. Kama kuna malipo mtapewa kontro namba mlipe benki au kwa simu, getini hawapokei noti. Mtu akikuambia nitumie mimi kwenye namba yangu nitawaingiza, huyo muache.

Andika mapema, mwezi mmoja na nusu au miwili kabla, fuatilia kwa simu, na ukija ana kwa ana salimia watu vizuri, shikamoo kwa waliokutangulia, usianze na faili. Kijijini hivyohivyo, unaanza kwa mwenyekiti na mtendaji, mzee wa mfereji akija kwenye kikao mpe nafasi aongee hata kama anazunguka, mwisho wa mzunguko huwa kuna jambo ambalo hamkulijua.

Na hii iwe wazi kwa vijana, kujitolea sio mlango wa nyuma wa ajira ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ajira zinatangazwa na zina utaratibu wake. Anayekuuzia nafasi ya kujitolea kwa ahadi ya kuajiriwa ni tapeli, na anayemuuzia mzungu kifurushi cha kujitolea cha wiki mbili kwa maelfu ya dola muulize kijiji kinapata shilingi ngapi, akibabaika umeshapata jibu.

Kufika, kubeba, kuumwa

Moshi stendi unapanda kosta za Marangu, unashuka Marangu Mtoni, hapo bodaboda mpaka getini. Kwa Machame na Mweka nazo zipo gari za moja kwa moja mpaka vijijini. Wa Kenya mnapita Holili au Tarakea kutegemea mnakwenda upande gani, wa Rongai Tarakea ndo karibu.

Nguo usinunue mpya, nenda soko la Memorial pale Moshi asubuhi, mtumba wa makoti ya baridi upo wa kumwaga. Msituni masika na vuli gamubuti ni bora kuliko buti la bei, koti la mvua la plastiki nene, soksi jozi tatu, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kuanzia Horombo unahitaji koti zito, mzula, glovu na tochi ya kichwani. Chupa ya maji ya kujaza tena, lita moja na nusu au zaidi. Kotini beba chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, plasta, na dawa zako mwenyewe za kila siku, mwenye pumu asiache kipulizio kwenye gari.

Kuanzia kama mita 2,500 mwinuko unaweza kumpata yeyote, kijana wa mpira anaanguka na mama wa miaka hamsini anapita anaimba. Kichwa kikiuma kidogo pumzika, kunywa maji, usipande zaidi siku hiyo. Kikiuma na kutapika, au mtu anayumba akitembea, anachanganya maneno, au anakohoa na kuhema amekaa, anashushwa sasa hivi, usiku au mchana, na mtu mzima wa kumsindikiza, sio kesho asubuhi tuone. Pole pole wanayokwambia maguide ndo yenyewe. Wenye mzio wa dawa za salfa wamuone daktari kabla ya kumeza Diamox (dawa ya ugonjwa wa mwinuko) ya kupewa na rafiki.

Kwa wasio raia wanaokuja kujitolea kwa muda, viza ya utalii haitoshi, utaratibu uko Uhamiaji na kibali cha ukaazi cha watu wa kujitolea ni daraja C, taasisi inayowapokea ndo inaomba, kwahiyo taasisi isiyotaka kuongelea kibali ruka nenda nyingine. Mbongo aliyeko nje mwenye pasi yetu hahusiki na hilo, yeye aje tu na gamubuti lake.

Na kama mko Rombo na mnataka kupanda vuli kwenye mito yenu, miche ya msesewe waulizeni watu wa vitalu mapema, mkingoja Novemba haipatikani.